Ada ya Shule Si Gharama ya Ufundi



Katika parokia zetu kuna hesabu iliyozoeleka mno hata hakuna anayeihakiki tena. Mtoto akipata diploma ya serikali, jamaa nzima hukusanya fedha, pengine huuza kiwanja, ili aingie chuo kikuu. Hakuna anayeuliza miaka hiyo italipa nini. Mwenzake akisema anataka kujifunza ufundi wa friji na viyoyozi, maswali humiminika: Utapata kiasi gani? Lini? Mbona umechagua kazi ya wasiosoma? Maswali mawili ya kwanza ni ya haki. Ubaya ni kwamba anaulizwa fundi peke yake.

Watetezi wa ufundi nao wana lawama yao. Huwaambia vijana kwamba mwenye kazi ya mikono halali njaa, kisha huwapeleka kwenye mafunzo ya miezi mitatu yanayomalizika kwa cheti, picha na soda. Huo nao ni udanganyifu.

Mwinjili Luka ametuachia mfano wa mjenzi wa mnara anayepaswa kuketi na kupiga hesabu kabla ya kuweka msingi. Tuketi basi. Tuseme, kwa mfano tu, shule inadai dola 240 kwa mwaka. Vifaa, yaani pampu ya kuondoa hewa, geji za presha, mtungi wa kuchomelea shaba, kipima umeme na mizani midogo, tuviwekee dola 400. Mwaka huohuo kijana angeweza kuuza mayuniti ya simu na kubaki na dola moja kwa siku: siku 300, dola 300 zilizopotea. Jumla ni dola 940. Ada, ambayo ndiyo pekee inayozungumzwa katika kikao cha jamaa, ni kama robo tu. Sasa pato: tuseme kila friji anayoitengeneza inamwachia dola 5 baada ya gesi na nauli. Akipata friji nne kwa juma, gharama yote itarudi katika majuma 47. Akipata mbili, ni karibu miaka miwili. Badilisheni tarakimu kulingana na mji wenu. Ada haitaacha kuwa sehemu ndogo.

Lakini ondoeni pampu katika hesabu hiyo, mtaona jinsi inavyobomoka. Friji haitengenezi baridi. Huchukua joto lililo ndani na kulitupa nje, kwa gesi inayozunguka katika mirija iliyofungwa. Mrija ukifunguliwa, hewa yenye unyevu huingia. Fundi asiye na pampu hujaza gesi juu ya unyevu huo. Maji huganda penye mrija mwembamba na kuziba njia. Yakikutana na mafuta huzaa asidi inayoila kompresa. Baada ya majuma machache mama muuza samaki anairudisha friji yake, samaki wameoza, na fundi anarudia kazi ileile bure. Mtaa mzima unasema kijana huyo hajui kazi. Anaijua, hakununuliwa pampu.

Wengine hupinga: umeme wenyewe uko wapi? Pingamizi hili lina uzito, ila halisemi kile wanachodhani. Mjini, ambako umeme hukatika na kurudi kwa nguvu isiyo sawa, kompresa huungua mara kwa mara na kazi ya fundi huongezeka. Katika kijiji kisicho na waya wala paneli za jua, hakuna kazi. Kijana wa huko asidanganywe. Aulizwe kwanza atafanyia kazi wapi.

Ufundi wenyewe nao unabadilika. Oktoba 2016 mataifa yalikubaliana mjini Kigali kupunguza gesi zinazozidisha joto la dunia, R-134a ikiwa mojawapo. Friji nyingi mpya za nyumbani hutumia R-600a, gesi inayowaka, ambayo hupimwa kwa makumi machache ya gramu. Aliyefundishwa kwa friji za zamani peke yake atakuja kuwasha moto wa kuchomelea karibu na mrija wenye gesi hiyo, na hapo gharama haitahesabiwa kwa dola.

Wala mtu asiseme kwamba hii ni kazi ya vinywaji baridi tu. Ebola ilipozuka Kivu ya Kaskazini mwaka 2018, chanjo iliyopelekwa Beni ilipaswa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Chanjo za kawaida za watoto nazo hudai nyuzi 2 hadi 8, usiku na mchana, katika kila kituo cha afya. Friji ya kituo ikifa, anayeitwa ni fundi.

Fedha tunazozitumia kwa sherehe za kupokea vyeti zingetosha kununua vifaa. Kikundi chenye likelemba kinaweza kununua pampu moja itakayotumiwa na mafundi watatu kwa zamu, nao wairudishe fedha kidogo kidogo kutoka katika kazi zao. Na kabla ya kulipa ada, kijana aombe kuiona karakana ya shule. Ahesabu pampu, kisha ahesabu wanafunzi. Aulize ni fundi gani atampokea kwa mazoezi, na kwa miezi mingapi. Mkuu wa shule akimwonyesha vyeti badala ya pampu, abaki na fedha zake.