Wapimaji wa Damu Wakibisha Hodi

Huenda siku moja wapimaji wa Serikali watabisha hodi kwako. Wataomba damu kidogo. Usikimbie. Hao si mumiani.

Adui wa ugonjwa akiingia mwilini, mwili hutengeneza askari wa kupigana naye. Askari hao huitwa kingamwili. Wakionekana katika damu, mpimaji hujua ni adui gani aliyeingia. VVU hupimwa hivyo hata katika zahanati. Mtu aliyeambukizwa juzi tu huenda asionekane, kwa sababu askari wake bado hawajatokea.

Mwaka 2003 hadi 2004, Tanzania Bara ilipima VVU kaya kwa kaya. Waliopimwa hawakupewa majibu. Katika upimaji wa 2016 hadi 2017 watu walipewa majibu yao nyumbani. Upimaji wa 2022 hadi 2023 ulionyesha kuwa watu wazima kama 4 katika kila 100 wana VVU.

Kaya za kupimwa huchaguliwa kama kura. Kaya yako ikichaguliwa, inasimama badala ya kaya nyingi. Usipokuwapo, jirani hachukuliwi mahali pako.

Hapa kwetu Katavi kazi hii ni ngumu. Wakati wa masika barabara hujaa matope. Wakulima huhamia mashamba ya mbali. Wafugaji hufuata majani. Wavuvi wa Karema na Ikola hukesha ziwani. Wakipimwa watu wa Mpanda Mjini peke yao, hesabu itakuwa ya mjini. Dawa nazo zitapangwa kwa hesabu hiyo. Mgonjwa wa porini atasahauliwa.

Kwa hiyo, wapimaji waje wakati wa kiangazi. Wafike kwanza kwenye mkutano wa kijiji, waeleze kazi yao. Wakikosa mtu leo, warudi kesho. Tena wafuate watu mpaka mashambani na mialoni. Kazi ikiisha, kijiji kielezwe hesabu ya mkoa wetu.

Nawe una haki zako. Uliza damu ni ya nini na itapelekwa wapi. Unaweza kukubali au kukataa. Majibu ni siri yako. Hata mwenyekiti wa kitongoji hapaswi kuambiwa. Ukikutwa na VVU, nenda zahanati upate dawa. Dawa hizo hutolewa bure.

Ukishaelewa, kubali. Asiyehesabiwa hapangiwi dawa.