Maji yakiingia, feza ya nyumba haibaki ile ile

Wandugu vijana wa Mpala na Kalemie, ziwa Tanganyika likipanda kama mwaka 2024, maji yanaingia mu nyumba za watu. Mwenye nyumba atadai feza yake yote? Hapana! Dekreti ya 30 Julai 1888 iko wazi: nyumba ikiharibika yote kwa ajali, mkataba umekufa. Ikiharibika nusu, mpangaji anaweza kuomba bei ishuke ao mkataba ukatwe. Na sheria ya 31 Desemba 2015: garanti ya nyumba ya kulala haipite miezi tatu.

Mwenye nyumba, ita fundi siku ile ile. Kama nyumba imekufa, rudisha garanti. Mpangaji, piga picha, chunga risiti. Akikatala, twende pamoja kwa chefu, kisha tribinali.