Akili unde na nyaraka za usalama wa mtandao: Jibu la haraka halitoshi lisipokuwa sahihi

Na Mwandishi Wetu

Aprili 12, 2024 kampuni ya Palo Alto Networks ya Marekani, inayotengeneza vifaa vya kulinda mitandao, ilitoa tangazo la tahadhari kwa wateja wake duniani kote. Udhaifu uliopewa namba CVE-2024-3400 ulikuwa umebainika katika baadhi ya matoleo ya programu inayoendesha vifaa hivyo, nao ukapewa alama 10 kati ya 10 za ukali. Mshambuliaji aliye mbali, asiye na jina la mtumiaji wala nywila, angeweza kuendesha amri zake ndani ya kifaa kilekile kilichowekwa kumzuia.

Mwanzoni, mojawapo ya hatua za muda zilizotajwa ilikuwa kuzima huduma inayotuma taarifa za hali ya kifaa kwa mtengenezaji. Kuanzia Aprili 14 kampuni ilianza kutoa marekebisho ya programu, na siku chache baada ya tangazo la kwanza ikasahihisha ushauri wake: kuzima huduma hiyo hakukuwa kinga tena, kwa kuwa kifaa kingeweza kushambuliwa hata ikiwa imezimwa. Mtaalamu aliyesoma tangazo la kwanza, akatekeleza hatua hiyo na kufunga ukurasa, alibaki akiamini kuwa mfumo wake uko salama ilhali mlango ulikuwa wazi.

Tukio hilo linatoa picha halisi ya suala linalozidi kupata uzito katika sekta ya TEHAMA, nalo ni kuwaunganisha wasaidizi wa akili unde moja kwa moja na nyaraka rasmi za kampuni zinazotengeneza bidhaa za usalama wa mtandao. Kwa mwananchi wa kawaida jambo hilo linaweza kuonekana kuwa la wahandisi pekee. Hata hivyo, mifumo ya malipo, afya, ardhi na utambulisho inalindwa na vifaa vya namna hiyo, na taarifa zilizomo ni za wananchi.

Kwa nini uunganishaji unahitajika

Wasaidizi wa akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, hujengwa kwa kufunzwa maandishi mengi yaliyokusanywa hadi tarehe fulani. Yaliyobadilika baada ya tarehe hiyo hawayajui, isipokuwa wapewe njia ya kuyatafuta. Tatizo ni kwamba wasipojua, aghalabu hawanyamazi. Huweza kutoa jibu lenye mpangilio mzuri na sauti ya uhakika, huku likitaja amri isiyokuwepo au hatua ya toleo lililokwisha kuachwa. Katika kazi ya kulinda mtandao, amri moja isiyo sahihi inaweza kukata huduma kwa maelfu ya watu au kuruhusu kile kilichopaswa kuzuiwa.

Utaratibu wa kuunganisha unaweza kufananishwa na kazi ya masjala katika ofisi ya umma. Ofisa anayetakiwa kujibu barua hategemei kumbukumbu yake pekee. Huomba jalada, hulisoma, kisha huandika jibu akitaja namba ya waraka alioutegemea. Vivyo hivyo, msaidizi aliyeunganishwa hupokea swali, hutuma ombi katika hifadhi ya nyaraka za mtengenezaji, huletewa kurasa zinazohusika, na kuandaa jibu kutokana na kurasa hizo pamoja na anuani zake.

Hatua kubwa ilipigwa Novemba 2024, pale kampuni ya Anthropic ya Marekani ilipotangaza itifaki ya wazi iitwayo MCP, inayoweka utaratibu mmoja wa kuwaunganisha wasaidizi hao na vyanzo vya taarifa na zana za nje. Mwaka 2025 kampuni za OpenAI na Google nazo zilikubali kuitumia. Mwaka huohuo Microsoft, ambayo pia ni muuzaji mkubwa wa bidhaa za usalama, ilifungua huduma ya aina hiyo kwa ajili ya nyaraka zake za umma, zikiwemo zinazohusu bidhaa zake za ulinzi. Msaidizi anaweza kuzitafuta na kuzisoma nyaraka hizo kama zilivyo siku ya swali.

Manufaa yake yako bayana. Miongozo ya bidhaa moja ya usalama huweza kufikia maelfu ya kurasa, na ofisa wa zamu ya usiku hana muda wa kuipekua yote wakati mfumo unashambuliwa. Zaidi ya hayo, nyingi ya nyaraka hizo zimeandikwa kwa Kiingereza. Msaidizi anayeweza kuulizwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiswahili, akiacha amri zenyewe kama zilivyoandikwa na mtengenezaji, anampunguzia mtaalamu kijana mzigo wa lugha.

Mipaka isiyopaswa kusahaulika

Pamoja na hayo, kumfungulia msaidizi masjala si sawa na kumpa hekima ya kuchagua jalada. Hatari ya kwanza ni kuchanganya matoleo. Bidhaa moja huwa na matoleo kadhaa yanayotumika kwa wakati mmoja, na waraka ulio sahihi kwa toleo moja unaweza kuwa kosa kwa jingine. Swali lisilotaja toleo hualika jibu la kubahatisha, hata kama waraka uliosomwa ni halali.

Hatari ya pili ni maandishi yenye amri zilizofichwa. Msaidizi husoma maandishi yote kwa jicho moja, na huweza kuyachukulia maneno yaliyomo ndani ya waraka kuwa ni maagizo ya mtumiaji. Juni 2025 ulitangazwa udhaifu katika huduma ya Microsoft 365 Copilot, wenye namba CVE-2025-32711, ambapo barua pepe iliyotayarishwa kwa hila ingeweza kumfanya msaidizi avujishe taarifa za taasisi bila mtumiaji kubofya chochote. Microsoft iliurekebisha na kueleza kuwa hakuna mteja aliyeathirika. Funzo lililobaki ni kwamba chanzo kinachounganishwa kinapaswa kuwa rasmi, kinachojulikana na kilichothibitishwa, na kwamba msaidizi anayesoma nyaraka asipewe pia uwezo wa kubadilisha mipangilio ya mfumo.

Hatari ya tatu ni kile kinachotoka pamoja na swali. Anayeuliza kuhusu hitilafu hushawishika kunakili mpangilio mzima wa kifaa, ukiwa na anuani za ndani za mtandao, majina ya watumiaji na pengine nywila. Nyaraka za mtengenezaji ni za umma. Mpangilio wa taasisi si wa umma. Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaweka masharti kuhusu ukusanyaji na uchakataji wa taarifa binafsi, pamoja na usafirishaji wake nje ya nchi. Swali lililobeba taarifa za watu kwenda kwenye seva ya nje haliwi nje ya sheria kwa sababu tu limeandikwa kama mazungumzo.

Nani anawajibika

Suala la uwajibikaji limekwisha kufika mbele ya vyombo vya maamuzi. Februari 2024 baraza linaloshughulikia madai ya kiraia katika jimbo la British Columbia, Kanada, liliamua kuwa shirika la ndege la Air Canada linawajibika kwa maelezo yasiyo sahihi yaliyotolewa na programu ya mazungumzo kwenye tovuti yake kuhusu nafuu ya nauli kwa waliofiwa. Jibu la programu hiyo lilikuwa na kiungo cha ukurasa wenye utaratibu sahihi, lakini maelezo yake yalipingana na ukurasa huo. Baraza halikukubali kwamba abiria ndiye aliyepaswa kugundua tofauti hiyo.

Uamuzi huo unaonesha kuwa kutaja chanzo ni jambo moja na kukifuata ni jambo jingine. Kwa taasisi yoyote inayolinda mifumo ya umma, utaratibu wa busara ni kumtaka msaidizi ataje waraka, toleo na tarehe. Ofisa aufungue waraka wenyewe na kulinganisha. Hatua ijaribiwe mahali salama kabla ya kutekelezwa. Na jina la aliyeidhinisha libaki kwenye kumbukumbu.

Teknolojia hii inaweza kufupisha safari kati ya tatizo na waraka wenye ufumbuzi. Sehemu iliyobaki ya safari hiyo, ya kuthibitisha, kuidhinisha na kuwajibika, bado ni ya mtumishi aliyekabidhiwa dhamana hiyo. Mwananchi ambaye taarifa zake zimo ndani ya mfumo ana haki ya kutegemea kwamba mtu huyo yupo, na kwamba waraka ameusoma.