KATUNI ZA JUMAMOSI ZILILIPIWA NA NANI?



Wengi wetu hudhani kwamba kitu cha bure hakina mwenye kukilipia. Mimi nasema yuko, na ushahidi wangu nautoa Marekani, katika habari za katuni za Jumamosi asubuhi.

Katikati ya miaka ya 1960, mashirika matatu makubwa ya televisheni ya huko, CBS, NBC na ABC, yalijaza asubuhi ya Jumamosi katuni mfululizo. Sababu haikuwa huruma kwa watoto. Saa hizo watu wazima wengi hawakuwa wakitazama, na bei ya tangazo ilikuwa rahisi kuliko ya jioni. Basi wenye viwanda vya vitu vya kuchezea na vya vyakula vya asubuhi vyenye sukari nyingi wakawapata watoto mahali pamoja. Mtoto alitazama bure, kumbe yeye ndiye aliyekuwa akiuzwa.

Mwaka 1968 kina mama wachache wa Massachusetts, Peggy Charren akiwa mmoja wao, waliunda chama cha kuwatetea watoto katika mambo ya televisheni. Hawakuwa wakubwa wa serikali, lakini hawakuchoka. Mwaka 1990 sheria ilipitishwa kwamba matangazo katika vipindi vya watoto yasizidi dakika 10 na nusu kwa saa siku za Jumamosi na Jumapili, wala dakika 12 siku nyingine.

Labda mwenzangu atasema, "Katuni ni mchezo tu, zina ubaya gani?" Mimi sizilaumu katuni, hata mimi nazipenda. Mwaka 1973 ABC ilianza kutia kati ya katuni zake nyimbo fupi za kufundisha hesabu na sarufi, na watoto wengi wakazijua kwa moyo. Kwa hiyo ubaya haukuwa katika picha. Ubaya ulikuwa kwamba mtoto hakujua ni nani anayesema naye, wala anataka nini kwake.

NBC iliziacha katuni za Jumamosi mwaka 1992, watoto wakazidi kuhamia vituo vya kulipia na baadaye intaneti. Tarehe 27 Septemba 2014, CW, la mwisho katika mashirika makubwa kuishika desturi hiyo, nalo likaiacha. Lakini soko halikufungwa, lilihama tu. Leo limo katika simu, wala halingojei Jumamosi. Wazee wetu walisema, "Kikulacho ki nguoni mwako," na simu hukaa mfukoni.

Ninyi wanafunzi wenzangu, kabla ya kufurahia cha bure, ulizeni nani amekilipia. Nanyi wazazi wetu, msitupe simu ili tunyamaze tu. Kaeni nasi mtazame tunachotazama. Wale kina mama wa Massachusetts walianza hivyo: walitazama walichokuwa wakitazama watoto wao, kisha wakasema.