Tairi la mkokoteni: vua nyumbani, jazia kwa fundi

Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima, na safari hii siwezi kusingizia kazi. Nilikuwa napigana na tairi.

Wengi mnajua kwamba riziki yangu ni kuandika programu. Ambacho sijawahi kuwaambia ni kwamba mimi na binamu yangu tuna mkokoteni wa maji hapa Makina. Yeye ndiye anayeusukuma, mimi nilitoa nusu ya pesa. Ni ule ule wa kawaida wa Nairobi: mbao juu, ekseli ya gari kuukuu chini, magurudumu mawili ya ringi 13. Mitungi 20 ya lita 20 ni kilo 400 za maji, na zote zimekalia upepo uliomo ndani ya matairi mawili yaliyokuwa yamechoka kabla hatujayanunua. Siku tairi likipata pancha, binamu hana kazi, na mteja anayesubiri maji ya kupikia hasubiri sana.

Basi Jumamosi moja pancha. Fundi alitaka shilingi 150. Nikajiambia, mtu anayesimamisha seva yake mwenyewe atashindwaje na kipande cha mpira? Nikatazama video mbili, nikachukua bisibisi mbili nene na pampu ya mguu, nikaanza kazi uani.

Kuvua kulinichukua saa nzima. Kuziba kiraka dakika kumi. Wakati wa kurudisha, ncha ya bisibisi ikaitoboa tyubu mahali pengine pawili. Hesabu yake mnaiona: nilitaka kuokoa 150, nikanunua tyubu mpya na binamu akakaa bure siku mbili.

Watu hudhani tairi dogo ni jepesi kulivalisha. Sivyo. Ukingo wa tairi una waya ndani, na waya haunyooki. Usalama wako ni lile bonde lililo katikati ya ringi. Ukisukuma ukingo wa upande mmoja uingie bondeni, upande wa pili unapata nafasi ya kuruka mdomo wa ringi. Kwenye tairi kubwa nafasi hiyo ni ya kutosha. Kwenye ringi ndogo, kama ya wilbaro, bonde ni fupi na mpira ni mgumu, kwa hiyo ukikosea kidogo tu unaanza kutumia nguvu. Nguvu ndiyo iliyonimalizia tyubu. Sikujua pia kwamba tyubu hutiwa upepo kidogo kabla ya kuingizwa, ili isijikunje na kubanwa.

Lakini hilo si kosa langu kubwa. Jumatatu, na tyubu mpya ndani, upande mmoja wa ukingo ulikataa kutoka kukaa mahali pake. Nikaendelea kukanyaga pampu. Mshale ulikuwa umepita 50, na mtoto wa jirani alikuwa amechuchumaa akinishikia gurudumu, uso wake juu kabisa ya ringi. Mzee mmoja anayefanya kazi ya pancha karibu na barabara ya Kibera Drive alikuwa anapita. Hakunisalimia hata. Alisema, "Kijana, toa upepo. Mtoto, njoo huku."

Nikatoa. Akanionyesha: sabuni ya maji kote kwenye ukingo, vali ifunguliwe, kisha ujaze upya kutoka mbali. Ukingo ukiganda na wewe unaongeza tu, waya unaweza kukatika, na tairi likaruka na kila kilicho juu yake. Ubavuni mwa matairi mengi pameandikwa PSI 40 kuwa kikomo wakati wa kukalisha ukingo. Maandishi hayo yalikuwa mbele ya macho yangu siku tatu nzima sikuyasoma. Mimi, ambaye kila siku nawalaumu watu wasiosoma maelezo!

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kuvua na kuziba tyubu, jifunze ufanye nyumbani. Pancha ya saa kumi na moja alfajiri haitakungoja fundi afungue. Mwaka 1891 ndugu wawili wa Michelin kule Ufaransa walipata hataza ya tairi la baiskeli linalovulika, kwa sababu yale ya awali yalikuwa yamegundishwa kwenye ringi na kuyaziba ilikuwa kazi ya saa nyingi. Lilitengenezwa livuliwe njiani. Nunua vyuma viwili vya kuvulia vyenye ncha butu, utupe bisibisi.

Kukalisha ukingo, mpelekee mwenye kompresa. Unalipia mpira wake mrefu wa upepo unaomruhusu kusimama mbali, na macho yaliyokwisha kuona ukingo ukikataa. Ila mafundi wengine nao wanapima upepo kwa kidole gumba, na hapo sikubaliani nao kabisa. Kidole hakijui tofauti ya 25 na 40. Kipimo kiwe chako, ukitoe mfukoni, na usione haya.

Seva zangu nimezifanya vivyo hivyo: mashine ni ya kukodi, bakapu ninazo mwenyewe.

Wenye trekta ndogo shambani, mambo ni yale yale, na nyongeza moja: tairi la nyuma la trekta mara nyingi hutiwa maji mpaka robo tatu ili lipate uzito. Uliza kwanza kabla hujafungua vali. Na kama ringi yako ni ya vipande viwili vilivyokazwa kwa nati, upepo wote utoke kabla hujagusa nati hata moja.

Binamu yuko kazini tangu Alhamisi. Sasa ananisumbua tununue magurudumu ya mpira mtupu yasiyo na upepo. Mimi naogopa uzito wake kwenye kilima cha kwenda Toi. Kama kuna aliyeyajaribu kwenye kokoto na mzigo wa maji, aniandikie.