Mtoto akiugua usiku, nani mwenye amri?

Ukifika hospitalini utaulizwa jina, umri na jamaa wako wa karibu. Aghalabu huulizwi ni nani anayekupikia, ni nani anayekukumbusha dawa, wala ni nani mwenye amri ya kukupeleka kwa daktari usiku wa manane. Mimi naona maswali haya ndiyo ya maana zaidi, hasa katika mji kama wetu wa Voi.

Voi ni mji wa watu waliokuja kutafuta riziki. Reli ilifika hapa mwishoni mwa karne ya 19, mashamba ya mkonge nayo yakaleta vibarua. Leo, ukipita mitaa ya Kaloleni, Mabomani, Sikujua au Mwakingali, utakuta jamii za kila namna. Kuna baba, mama na watoto wao. Kuna mama na watoto ilhali baba yuko kazini Mombasa, au hayupo kabisa. Kuna nyanya na wajukuu. Kuna vijana watatu wanaochangia chumba kimoja.

Hali hii si ya Voi pekee. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban nyumba moja katika kila tatu nchini Kenya inaongozwa na mwanamke. Sisemi kwamba aina moja ya jamii ni bora kuliko nyingine. Ninachosema ni kwamba kila aina ina mahali inapovuja.

Chukua nyumba ya nyanya. Mtoto anapata homa kali, kisha degedege. Nyanya anampigia simu mwanawe aliye Mombasa ili apewe ruhusa na nauli. Simu haipokewi. Saa zinapita, na degedege haingoji simu. Au kitabu cha kliniki kimebaki kwa mama, nyanya hajui kama mjukuu alipata chanjo ya surua ya miezi 9 na ile ya miezi 18.

Sasa tazama wale vijana wa chumba kimoja. Mmoja akipatikana na kifua kikuu, wote wanaolala naye wanapaswa kupimwa. Lakini akiulizwa, hujibu kwamba anaishi peke yake, kwa kuwa wenzake si ndugu zake. Ugonjwa huu huenea kwa hewa, na hauulizi ukoo.

Milimani, kule Wundanyi na Sagalla, Wataita wana kichuku, yaani jamaa wa damu walio karibu. Mgonjwa akizidiwa, kuna wa kumwita. Mjini kichuku kiko mbali, lakini majirani wako. Mapema miaka ya 1990, wakazi wa mtaa wa Tanzania-Bondeni hapa Voi, watu wa makabila mbalimbali, walikubali kumiliki ardhi kwa pamoja. Ikiwa majirani waliweza kuafikiana juu ya ardhi, watashindwaje kuafikiana juu ya mtoto mwenye homa?

Basi, msomaji, fanya haya wiki hii. Mwambie anayemlea mwanao, mbele ya watu wengine wa nyumbani, kwamba akiona hatari asingoje ruhusa yako. Mwachie kitabu cha kliniki na akiba kidogo ya nauli. Chagueni jirani mmoja wa kuitwa usiku. Ukiulizwa na daktari unaishi na nani, taja kila mtu anayelala chini ya paa lenu.

Tena, tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua mahali pa NHIF. Bima hiyo huwahesabu mchangiaji, mwenzi wake na watoto wake. Nyanya anayelea wajukuu aende aulize mapema jinsi watakavyoandikishwa, asisubiri hadi mmoja wao alazwe.

Mwisho, tusimsahau nyanya mwenyewe. Wengi wa walezi hawa wana presha au kisukari, na huahirisha kliniki yao kwa sababu hakuna wa kubaki na watoto. Wewe uliye Mombasa au Nairobi, unapotuma pesa za karo, uliza pia: "Mama, dawa zako zipo?" Siku atakapoanguka yeye, nyumba nzima itakuwa imeanguka.