Bluetooth Nayo Ina Mlango, Tubishe Hodi



Siku hizi si ajabu kukuta nyumba yenye kompyuta moja na simu tano. Kwa Bluetooth, picha na sauti huhama kutoka simu kwenda kompyuta bila waya wala kula bando. Kibodi, mausi na spika nazo huunganishwa vivyo hivyo.

Ila mimi naona tuna kosa moja: tunabonyeza "kubali" bila kusoma. Simu na kompyuta zinapounganishwa mara ya kwanza, kwa kawaida tarakimu 6 hutokea kwenye vioo vyote viwili. Hiyo ndiyo hodi. Zikifanana, kubali, zikitofautiana, kataa. Mawimbi yake hufika kama mita 10, na ukuta hauyazuii yote. Huenda anayeomba ni jirani.

Tena, vifaa vikishajuana havibishi hodi upya. Kompyuta ya sebuleni ikiruhusiwa, yaweza kuchukua majina na namba zilizomo katika simu ya mama. Je, mama ameulizwa? Simu ya mtu ni chumba chake. Si haki kuchota picha zake eti kwa kuwa ameiacha mezani.

Nashauri hivi: mwenye simu aombwe ruhusa kwanza, Bluetooth izimwe kazi ikiisha, na kabla ya kuuza simu au kompyuta, vifaa vilivyounganishwa vifutwe vyote.

Tumelelewa kubisha hodi mlangoni kwa watu. Tubishe na kwenye simu zao.